Gari Lisilovuta

Katika kazi zote za mikono zinazofanywa hapa milimani, tangu kugandisha maziwa hata yakawa jibini hadi kuchonga mpini wa jembe, ipo moja ambayo aghalabu hulipwa kwa neno la haraka tu, kisha msafiri akaenda zake. Nayo ni kazi ya kulitambua gari kuukuu lililopungukiwa na nguvu. Sisemi gari lililozimika kabisa, kwani la namna hiyo maradhi yake huwa dhahiri, na mara nyingi hata utingo huyaona. Nasema gari linalowaka vyema asubuhi na kunguruma kama desturi, walakini ukilikanyagia mafuta linasita, na likifika mlimani linatambaa, mpaka abiria walioshuka kulipunguzia mzigo wanalipita kwa miguu.

Kibabi, hapa kwetu milimani, ni mahali ambapo ujuzi huu hauna budi kustawi. Magari yanayotufikia, yaliyo mengi, yamekwisha kutumika miaka na miaka Japani au kwingineko kabla ya kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, na baadhi yake usukani ungali kuume, ilhali sisi huku huendesha upande huohuo wa kuume. Yakitoka Goma, mji ulioinuka juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, hupita Sake, mwendo wa kilomita 25 au zaidi kidogo, kisha huukabili mpando wa Mushaki, na huko ndiko kila gari hutoa siri yake. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi jepesi kama unga. Na mazutu, ndivyo tuitavyo dizeli, hununuliwa kwa bidoni iliyokwisha kupita mikono mingi, yakiwa na maji na takataka chini yake.

Kwa hiyo fundi wa kweli hutangulia kujiuliza kama nguvu iliyopotea imetwaliwa na maradhi ama na mlima wenyewe. Injini ya dizeli, kama ile aliyofaulu Rudolf Diesel kuiendesha mjini Augsburg mwaka 1897, haihitaji cheche. Huvuta hewa, ikaibana mpaka ikawa ya moto mkali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Sasa hewa ya mita 2,000 ni pungufu kuliko ya pwani kwa kadiri ya humusi moja, na injini isiyo na turbo hupungukiwa takriban kiasi hicho, wala hapana spana iwezayo kuirudishia. Ndiyo maana gari lililonung'unika Kibabi, likishukia misitu ya Walikale, hupata nafuu bila ya kuguswa. Wapo wasioiridhia haki hiyo ya mlima, wakazungusha skrubu ya pampu ili mafuta yazidi. Naichukia kazi hiyo. Mafuta yaliyokosa hewa ya kuyachoma hutoka kuwa moshi mweusi, joto likapita kiasi, na maskini mwenye gari, ambaye pengine gari hilo ndilo riziki ya nyumba nzima, hununua kelele kwa bei ya injini.

Siku moja ya soko nalishuhudia Land Cruiser moja kuukuu, imejaa maharage na jibini, ambayo dereva wake alikuwa ameambiwa mjini kwamba pampu imekufa, na kwa bei aliyotajiwa hakuwa na njia ila kuuza ng'ombe. Fundi, kijana mwembamba mwenye maneno machache, hakukimbilia kufungua boneti. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu akauliza:

"Papa, linaanza kuchoka baada ya muda gani?"

"Likienda nusu saa, fundi."

"Na mkisimama?"

"Tukipumzika kidogo linavuta tena. Halafu linachoka."

Akanyamaza kitambo. Kisha akafungua boneti, akamwambia dereva akanyage mafuta mpaka mwisho, naye akatazama mkono wa pampu kama unafunguka wote. Ukafunguka, basi waya haukulegea. Akagusa magurudumu kwa mgongo wa kiganja, moja baada ya moja; hakuna lililokuwa na moto, basi breki hazikushika. Moshi haukuwa mweusi, basi chujio la hewa lilikuwa likipumua. Wakapanda nalo mlima, mlio wa injini ukashuka pamoja na mwendo, basi klachi haikuteleza. Nililolistaajabia si wepesi wa mikono yake, bali jinsi alivyozipanga shaka zake, ile isiyogharimu kitu ikitangulia, na ile ya kumfilisi mtu ikingojea nyuma kabisa, huenda isifikiwe.

Lilipochoka akaomba lisizimwe. Alishuka, akainamisha sikio kwenye tangi, akakizungusha kifuniko polepole. Hewa ikaingia kwa mlio mrefu, kama pumzi ya mtu aliyekuwa amezamia; na baada ya kitambo injini, iliyokuwa ikikohoa, ikatulia.

Kifuniko kina tundu lisilozidi upana wa sindano ya kushonea, nalo lilikuwa limezibwa na udongo mkavu wa njia. Mafuta yatokapo tangini hayana budi kuachia hewa nafasi yake. Hewa ikizuiwa, tangi hujifyonza lenyewe, na pampu, nzima kabisa, ikavuta bure. Wakisimama, hewa kidogo ilipenya, nguvu zikarudi. Fundi akachomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, akalizibua tundu kwa saburi, akakisuuza kifuniko katika mazutu, akakinyanyua kuelekea jua mpaka nuru ikapita. Alidai malipo ya saa yake tu, na dereva akamwongezea jibini moja, ambayo kijana aliipokea kwa mikono miwili.

Wakaondoka na mzigo uleule, fundi amekaa pembeni, macho ameyafumba. Walipofika kwenye kona ambapo gari lilikuwa likizoea kushindwa, dereva akapeleka mkono kwenye gia ili ashushe.

"Acha kwanza, Papa," akasema fundi. "Sikiliza."

Mkono ukabaki juu ya gia, wala haukuisogeza, mpaka kona ikawa nyuma yao.