Siku ya Jembe: Kero na Raha za Ughaibuni katika Fasihi ya Shule za Upili

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu maisha ya ughaibuni katika fasihi, mara nyingi jibu lake huwa orodha: ubaguzi wa rangi, upweke, utapeli, kupotoka kimaadili. Kisha hufunga kwa methali kwamba mwacha mila ni mtumwa. Orodha hiyo si ya uongo, na mtahini huipa alama zake. Hata hivyo, humfanya mwanafunzi asome hadithi kama tangazo la onyo, asione mtu anayejifunza kuishi mahali pageni.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu tunaofundisha Kaptembwo, mtaa ulio magharibi mwa Nakuru, karibu na Rhonda na Mbuga ya Ziwa Nakuru. Katika vyumba vya kupanga vya mtaa huu, wapo wanafunzi ambao mama au dada zao wanafanya kazi za nyumbani Riyadh, Jeddah au Doha. Karo yao hutoka huko. Tukiwafundisha kwamba ughaibuni ni maangamizi tu, tunawaambia bila kukusudia kwamba aliyewalipia dawati ni mjinga aliyedanganyika. Makala haya yanapendekeza namna nyingine ya kuisoma mada hii, kwa kutumia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Usuli wa mada

Ughaibuni haukuingia katika maandishi ya Kiswahili pamoja na vyuo vikuu vya Marekani. Amur bin Nasur, mwenyeji wa Unguja, alifundisha Kiswahili mjini Berlin kuanzia 1891 hadi 1895, na habari zake zilichapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa C. G. Büttner. Selim bin Abakari naye alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya 1896, na masimulizi yake yakatokea mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli.

Mwalimu awasaidie wanafunzi kutofautisha waandishi hawa wawili. Selim ni msafiri, Amur ni mkaaji. Msafiri huhesabu vituo. Mkaaji huhesabu kodi ya nyumba. Msafiri hustaajabia theluji, kisha akaondoka. Mkaaji hana budi kutafuta koti. Tofauti hiyo ndiyo iliyomo katika methali yetu: siku mbili za kwanza ni za mshangao na heshima, ya tatu ni ya jembe.

Tukumbuke pia hadhira. Maandishi haya yalikusanywa na walimu wa Kijerumani kwa ajili ya wanafunzi wao wa Kiswahili. Mwandishi aliyejua kwamba mwenyeji wake ndiye msomaji wa kwanza alilazimika kuchunga ulimi, na msomaji makini hutazama pia yale ambayo pengine hayakusemwa.

Mfano wa tatu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha. Jina lake linahusishwa zaidi na Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903. Hapa pana kinaya cha kufikirisha: mtu anaishi Ujerumani, naye anaeleza mambo ya kwao. Mwaka 1904 alioa Mjerumani, na mwaka 1905 wakazuiwa kushuka Dar es Salaam pamoja. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Kwake yeye, mlango uliofungwa ulikuwa wa nyumbani.

"Damu Nyeusi": mgeni asiyepewa jembe

Hadithi ya Ken Walibora, "Damu Nyeusi", imo katika mkusanyiko wa 2007 uliohaririwa na yeye mwenyewe na Said A. Mohamed, nao ulikuwa kitabu teule cha KCSE katika muongo wa 2010. Fikirini, mwanafunzi Mwafrika nchini Marekani, anakumbana na ubaguzi katika mambo madogo ya kila siku, kama vile usafiri, na mbele ya askari. Anapompata mwanamke Mmarekani Mweusi, Fiona, anaamini kwamba damu itazungumza na damu. Imani hiyo inaishia katika kuporwa.

Wahakiki wengi huanza na mwisho huo kwa sababu ndipo kinaya kilipo. Mimi ningependa tuanze na usafiri. Basi ni mahali pa kawaida kabisa, na ndiyo maana linauma. Anayetukanwa katika tukio la pekee huweza kusema siku ile ilikuwa mbaya. Anayedharauliwa ndani ya basi anajua kwamba kesho atalipanda tena. Kero ya ughaibuni haitokani na ukubwa wa tukio bali na kurudiarudia kwake. Walibora, aliyekuwa akisomea Marekani wakati huo, alilielewa hilo.

Tukiipima hadithi kwa methali yetu, Fikirini hafikii siku ya tatu. Kila anakokwenda anapokelewa kama aliyeshuka jana. Kosa lake kwa Fiona linaeleweka tukilisoma hivi: hakupumbazwa na tamaa, alichoka kuwa mgeni. Mtahiniwa akiandika tu kwamba Fikirini ni "mjinga" au "mwepesi wa kuamini", amekosa kiini cha mhusika. Sifa inayotangulia hizo ni kwamba ana kiu ya kutambuliwa.

Raha ziko wapi?

Hadithi hii ina upungufu ambao tunapaswa kuutaja bila kuona haya. Uzito wa masimulizi umeegemea kero. Raha ndogo za kuzoea zimepewa nafasi finyu. Mtetezi atasema hadithi fupi hukaza uzi mmoja, na atakuwa sahihi. Lakini darasani ni lazima mtu aseme kwamba huo ni uteuzi wa mwandishi, wala si picha nzima ya ughaibuni.

Wanafunzi wetu wanazijua raha hizo kupitia simu. Riyadh na Nakuru zina saa moja, hivyo mama anaweza kupiga simu jioni na kumkuta mtoto naye yuko katika jioni ile ile. Fikirini hana bahati hiyo, kwani Marekani iko nyuma kwa saa nyingi. Raha nyingine imo katika lugha. Mwanamke aliyefika kwa mwajiri bila kujua Kiarabu hugundua kwamba Kiswahili kilimtangulia huko. Sukari, chai, sabuni na dakika hazimpigi chenga, na akihesabu, sita, saba na tisa zinasikika kwa wenyeji. Nane ndiyo itakayomwangusha. Mtu anayefundisha ukopaji wa maneno katika isimujamii hatapata mfano ulio hai kuliko huo.

Hatusemi hivyo ili kupaka dhiki rangi. Mfumo wa kafala, uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, umewaumiza wengi, na wapo waliorudi wakiwa ndani ya majeneza. Ila mwandishi anayetaja mateso pekee humnyang'anya mhusika akili yake. Mtu huyo huyo aliyenyimwa ruhusa ya kutoka ndiye aliyejifunza kupika wali wa wenyeji, akacheka na yaya wa jirani kwa lugha iliyounganishwa vipandevipande. Raha hizo ndizo jembe alilojitafutia mwenyewe.

Ughaibuni wa nyumbani

Je, ni lazima mtu avuke bahari ili awe mgeni? Katika Siku Njema (1996), Walibora anamtoa Kongowea Mswahili Tanga na kumwingiza Kenya akimtafuta baba yake hadi pande za Kitale. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Kitale inapita hapa Nakuru. Lugha ni moja, rangi ni moja, na bado Kongowea ni mgeni.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei inakwenda mbali zaidi. Ridhaa anatazamwa kama mgeni ndani ya nchi yake, na ghasia za baada ya uchaguzi zinamgeuza mkimbizi. Wakazi wa Kaptembwo wa Januari 2008 hawahitaji kuelezewa hilo. Mtaa huu umejengwa na watu waliotoka kila upande wa Kenya kutafuta kazi. Majuma yale machache yaliwafanya majirani wa miaka mingi waulizwe asili yao upya. Jembe walilokuwa nalo lilipokonywa.

Hapa ndipo funzo la "Damu Nyeusi" linaporudi kwetu. Dereva wa basi lile si Mmarekani pekee. Mwanafunzi anayemlaani katika insha, kisha akamcheka mwenzake aliyehamia darasani kwa sababu ya lafudhi, hajaisoma hadithi.

Kwa mtahiniwa

Unapojibu swali kuhusu mada hii, zingatia haya:

1. Taja tukio mahususi, ueleze linavyorudiarudia maishani mwa mhusika.
2. Onyesha mhusika anafanya nini kuhusu kero hiyo. Mgeni si mtu wa kutendwa tu.
3. Tafuta raha hata kama ni ndogo. Ikikosekana, eleza kukosekana kwake kunajenga nini.
4. Husisha fani na maudhui. Kinaya katika "Damu Nyeusi" si pambo. Ndicho kinachouliza kama rangi inatosha kuwa undugu.

Maswali ya marudio

1. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Thibitisha ukweli wa methali hii kwa kurejelea "Damu Nyeusi". (alama 20)
2. Linganisha ugeni wa Kongowea na ule wa Ridhaa. (alama 20)
3. Andika hadithi fupi kuhusu siku moja ya kawaida ya mtu wa Nakuru anayefanya kazi nchi ya mbali. Pawe na kero moja na raha moja. (alama 20)