Jane Eyre Katika Shamba la Miwa

Mwaka 1942 kampuni ya filamu ya RKO, Hollywood, ilikuwa na hali mbaya ya fedha, ikamwajiri Val Lewton atayarishe filamu za kutisha za gharama ndogo. Alipewa masharti: bajeti isizidi dola 150,000, urefu usizidi dakika 75, na jina la filamu litoke kwa wakubwa. Ya kwanza ikawa Cat People. Kwa ya pili akakabidhiwa jina I Walked with a Zombie, lililochukuliwa kwenye makala ya Inez Wallace. Kwa jina kama hilo mtayarishaji mwingine angekimbilia damu na sura za kuchukiza. Lewton alikimbilia riwaya ya mapenzi. Aliamua kwamba chini ya jina lile atasimulia Jane Eyre upya, na mahali pa kuisimulia ni visiwa vya Karibi.

Filamu ilitoka 1943, mwongozaji akiwa Jacques Tourneur. Ina dakika 69 tu. Naiona ndiyo kazi bora kuliko zote zilizowahi kuchanganya mapenzi ya riwaya za zamani na hofu ya sinema, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Wengi waliokuja baadaye walichukua hadithi ya mapenzi wakaipachika vitisho kutoka nje. Lewton na wenzake waliisoma riwaya wakatafuta mahali ambapo mwandishi mwenyewe alipita haraka, wakaweka kamera hapo.

Mahali penyewe ni wapi? Katika riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, msichana asiye na mali anaajiriwa kuwa mwalimu wa mtoto katika jumba la Rochester. Anampenda mwenye jumba, naye anapendwa. Siku ya harusi inafichuka kwamba Rochester ana mke, Bertha Mason, aliyefungiwa ghorofa ya juu kwa sababu ya wazimu. Bertha alitoka Jamaica, akaja na pauni 30,000. Riwaya inampa kicheko, inampa mayowe na moto, lakini haimpi hata sentensi moja ya kujieleza. Wala haiulizi pauni zile zilipatikanaje katika kisiwa ambacho miwa yake ililimwa na watumwa. Brontë anaitaja Jamaica kisha anarudi Uingereza.

Waandishi wa filamu, Curt Siodmak na Ardel Wray, hawakumpeleka zombi Uingereza. Waliihamisha hadithi nzima hadi kwao mke, katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Saint Sebastian. Rochester akawa Paul Holland, mwenye shamba la miwa na kiwanda cha sukari. Bertha akawa Jessica, mwanamke mzuri wa sura ambaye baada ya homa kali hasemi, hajibu, hutembea tu usiku kwa vazi jeupe. Jane akawa Betsy Connell, nesi kutoka Kanada.

Badiliko hilo la kazi, kutoka mwalimu hadi nesi, ni dogo kwenye karatasi lakini limebadilisha mashine nzima ya hadithi. Jane anafichwa mke karibu nusu ya riwaya. Betsy ameajiriwa kumwuguza. Anamwogesha, anamlisha, anamlaza, na wakati huohuo anaanza kumpenda mume wake. Fumbo la nani yuko ghorofani limeondolewa tangu mwanzo, na badala yake limewekwa swali zito zaidi: nani alimfanya hivi? Kwa kuwa Betsy anampenda Paul, kila ushahidi anaoupata unamhusu yeye mwenyewe. Akipona mgonjwa, yeye anampoteza Paul. Asipopona, atajiuliza maisha yake yote kama alijitahidi vya kutosha.

Angalia walivyotumia sauti ya usiku. Katika riwaya, sauti za usiku chanzo chake ni Bertha. Katika filamu, usiku wa kwanza Betsy anasikia kilio cha mwanamke, anakifuata hadi kwenye mnara, na huko Jessica anamjia gizani bila neno. Mtazamaji ameshaunganisha kilio na mgonjwa. Lakini aliyekuwa akilia ni Alma, mtumishi wa nyumba, na analia kwa kuwa kuna mtoto amezaliwa. Paul ndiye anayeeleza: watu wa kisiwa hiki walitoka utumwani, kwa hiyo huomboleza anapozaliwa mtu na kufurahi anapozikwa. Onyesho lililoanza kama kitisho cha kawaida cha jumba la kale limeishia kwenye historia ya watu waliolijenga jumba lenyewe. Bustanini kwa akina Holland imesimama sanamu ya Mtakatifu Sebastian iliyochomwa mishale, iliyokuwa mbele ya merikebu iliyoleta watumwa. Filamu haipigi kelele kuhusu sanamu hiyo. Wahusika wanapita mbele yake kila siku.

Maneno ya mapenzi nayo yameshonwa na hofu tangu melini. Betsy yuko sitahani, anaitazama bahari ya usiku na kuona uzuri mtupu. Paul, ambaye hajafahamiana naye, anamkatiza mawazo: samaki wanaoruka hawaruki kwa furaha, wanawakimbia samaki wakubwa, na mng'ao ule majini unatokana na viumbe wadogo wengi waliokufa. Kwa kawaida wapenzi wanapokutana mara ya kwanza kwenye filamu, mandhari huwasaidia. Hapa mwanamume anayakanusha mandhari yenyewe, na hapohapo tunaelewa kwa nini Betsy atampenda: ana huzuni, na huzuni hiyo ina siri. Ndiyo tabia ya Rochester, ila imehamishwa kutoka kwenye majivuno ya maneno hadi kwenye namna ya kuitazama bahari.

Lakini moyo wa filamu ni safari ya kwenye miwa. Tiba ya daktari imeshindwa. Betsy anaambiwa kwamba kwenye kilinge cha vudu kuna mganga anayeweza kumponya Jessica, naye anaamua kumpeleka usiku, kwa siri, ili amrudishie Paul mke. Tafakari uamuzi huo. Anayeingia mahali pa hofu hakuvutwa na udadisi wala hakupotea njia. Ameingia kwa sababu anapenda. Ukiondoa mapenzi, safari haipo. Ukiondoa hofu, hatuwezi kupima mapenzi yake yana uzito gani. Watu huzungumza sana kuhusu kuchanganya aina za filamu kana kwamba ni suala la vipimo, kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile. Hapa tendo moja linafanya kazi mbili.

Na Tourneur, pamoja na mpiga picha J. Roy Hunt, walilitengeneza tendo hilo kwa kupunguza. Muziki umeondolewa. Tunasikia upepo ukipita kwenye majani ya miwa, na hatua za miguu. Kamera inakwenda ubavuni mwa wanawake hao wawili, mmoja amevaa joho jeusi la unesi, mwingine vazi jeupe linalopepea, na mabua ya miwa yanakatiza kati yetu na wao, ili tusiwaone kikamilifu kwa muda mrefu. Njiani kuna fuvu, kuna mnyama aliyetundikwa. Hakuna kinachorukia skrini. Alma amewapa vipande vya nguo vya kuwatambulisha ili mlinzi awaruhusu. Bua la miwa linakinasa kipande cha Betsy na yeye hajui. Sisi tumeona. Kuanzia hapo kila hatua yake ina hatari anayoijua mtazamaji peke yake, na hatari hiyo imetengenezwa kwa kitambaa na bua, bila gharama yoyote. Kisha mwanga wa tochi unamwangukia Carre-Four, mlinzi wa njia panda, mrefu, macho makavu, aliyeigizwa na Darby Jones. Hafanyi chochote. Anasimama tu, nao wanapita.

Huyu ni zombi wa aina ya kale, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana, kwa sababu misukule tumeisikia tangu utotoni: mtu aliyenyang'anywa utashi wake akabaki na mwili wa kutumikishwa. Zombi mla watu alizoeleka baada ya filamu ya George Romero ya mwaka 1968. Wa Karibi hali mtu, analimishwa. Ndiyo maana anakaa vizuri ndani ya Jane Eyre. Bertha alikuwa mke asiye na sauti katika nyumba iliyopokea fedha za Jamaica, na Jessica ni mke asiye na utashi katika shamba ambalo babu za watumishi wake walinyimwa utashi kwa vizazi. Mama mkwe anakuja kukiri kwamba ndiye aliyeomba Jessica afanywe zombi, kwa kuwa uzuri wake ulikuwa unawagombanisha Paul na Wesley, wanawe wa baba tofauti. Daktari anakataa, anasema ni homa. Filamu haiamui. Kutoamua huko kumefanya kila mhusika abaki na hatia yake kamili.

Mbinu nyingine ya ujasiri iko mwishoni. Betsy ndiye aliyefungua filamu kwa sauti yake, kama Jane anavyoisimulia riwaya kwa nafsi ya kwanza. Anayefunga si yeye. Ni sauti ya mwanamume Mweusi asiyetajwa jina, inayowaombea marehemu, akiwamo Jessica. Sauti hiyo inamhukumu Jessica kwa ukali ambao mimi siukubali, lakini uamuzi wa kumpokonya msimulizi kalamu ni mkubwa: mapenzi ya Betsy na Paul hayakupewa haki ya kuwa neno la mwisho kuhusu kisiwa.

Sasa weka kando yake Pride and Prejudice and Zombies ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Burr Steers. Kitabu chake, cha Seth Grahame-Smith, kilitoka 2009, na mbinu yake ilikuwa kuacha sehemu kubwa ya maneno ya Jane Austen ya mwaka 1813 na kupenyeza zombi katikati. Katika kitabu hilo linachekesha, kwa kuwa tunasikia sentensi ya adabu ikipokea maiti bila kubadilisha sauti. Filamu haina sentensi hiyo ya msimulizi, ina picha tu, na picha za maiti tumeziona nyingi. Filamu iligharimu takriban dola milioni 28, ikaingiza takriban milioni 16.

Haikukosa akili. Wazo kwamba waliojifunza kupigana Japani huwadharau waliojifunza China ni njia sahihi kabisa ya kuhamisha matabaka ya Austen. Na kuna onyesho moja ninalolirudia: Darcy anamposa Elizabeth kwa maneno ya kiburi, naye anamjibu kwa mikono. Wanapigana sebuleni kwa chuma cha kuchochea moto na chochote kilicho karibu, vifungo vya nguo vinaruka, huku mazungumzo yakiendelea. Kila pigo ni jibu kwa neno lililotangulia. Hapo mapenzi na ukatili vimekuwa tendo moja, kama kule kwenye miwa, na hakuna zombi hata mmoja chumbani.

Francis Ford Coppola alikuja kwa njia ya kinyume katika Dracula yake ya mwaka 1992. Aliipa riwaya ya kutisha ya mwaka 1897 kisa cha mke aliyekufa, kisichokuwemo kitabuni. Ilimfaa, kwa sababu aliitafutia tamaa ya Dracula umbo: kivuli cha Dracula kinaelekeza mikono kwenye shingo ya mgeni wake wakati mwenyewe anaongea kwa upole.

Filamu ya Steers ilikosa kuuliza Austen mwenyewe anaogopa nini. Jibu limo riwayani tangu kurasa za mwanzo. Bwana Bennet, baba yake Elizabeth, akifa, nyumba inakwenda kwa jamaa yake Collins, na mabinti watano hawana pa kukaa. Elizabeth mwenye upanga na mafunzo ya Shaolin hana sababu ya kuogopa hilo, kwa hiyo hofu ya kweli ya kitabu imeuawa ili kutoa nafasi kwa hofu ya kuazima. Alikuwepo Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, asiye na fedha, anayekubali kuolewa na Collins akijua vizuri ni mtu wa namna gani, na anayepanga vyumba vya nyumba yake ili amwone mume kwa nadra iwezekanavyo. Mwongozaji mwenye jicho la Tourneur angeiingiza kamera katika nyumba hiyo, angefunga mlango, na bajeti ya dola 150,000 ingemtosha.