Mwanga Juu ya Mwili Unaosogea: Uchambuzi wa Vazi la Mtu wa Mistari

Miongoni mwa mavazi ambayo watoto wa Marekani huyavaa jioni ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, vazi la mtu wa mistari ndilo linalofunza zaidi namna taa zinavyounganishwa na nguo. Vazi hili ni suti nyeusi yenye kofia, ambayo juu yake huwekwa ukanda wa taa za LED unaofuata mikono, kiwiliwili na miguu, pamoja na duara moja linalouzunguka uso, hivi kwamba gizani mwili hutoweka na kubaki mchoro unaotembea, mithili ya ule ambao mtoto huuchora kwa kijiti mchangani. Ugumu wa kazi hii haumo katika taa zenyewe, ambazo hununuliwa zikiwa tayari, bali katika kuupitisha umeme juu ya mwili usiotulia.

LED ni diodi itoayo mwanga, yaani kifaa kidogo kinachopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu na kung'aa kinapofanya hivyo. Ile nyekundu huhitaji takriban volti 2 na nyeupe takriban volti 3, na kila moja huungua upesi isipowekewa kikinzani, ambacho mafundi wa redio hukiita rezista, cha kuuzuia mkondo usizidi kiasi. Katika ukanda wa volti 12 taa nyeupe 3 hufuatana pamoja na kikinzani chao na kufanya kundi moja, na ndiyo sababu ukanda huo hukatwa penye alama tu, kila baada ya taa 3, kwani anayekata katikati ya kundi hulizima kundi hilo.

Hesabu ya betri ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ukanda wa kawaida wenye taa 60 kwa kila mita hutumia takriban wati 4.8 kwa mita, kwa hiyo suti ya mtoto yenye mita 2.5 hutumia wati 12, sawa na ampea 1 kwa volti 12. Betri 8 za AA, zile zinazotumika katika saa za ukutani, zikipangwa kwa mfuatano hutoa volti 12 zikiwa mpya, lakini betri hizi hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa hivyo kwa muda mrefu: volteji yake hushuka, na kwa kuwa taa 3 nyeupe peke yake huhitaji karibu volti 9, mwanga hufifia kabla betri hazijaisha. Betri za nikeli zinazochajiwa huuhimili mkondo huo vizuri zaidi, ila kila moja hutoa volti 1.2, hivyo huhitajika 10 badala ya 8.

Hata hivyo, suti nyingi hushindwa kwenye kiwiko na goti. Ukanda una karatasi nyembamba ya shaba ambayo hukunjika mara chache bila madhara, lakini mtoto anayepanda ngazi za nyumba baada ya nyumba hulikunja goti mamia ya mara, na shaba hupasuka. Njia iliyo imara ni kuukata ukanda juu na chini ya kiungo, kisha kuziunganisha sehemu hizo mbili kwa waya laini wenye nyuzi nyingi, uliolehemiwa na kuachwa ulegee kidogo ili ujinyooshe goti linapokunjwa. Gundi iliyo mgongoni mwa ukanda ilikusudiwa kushika mahali pagumu palipo sawa, si kitambaa kinachovutika, kwa hiyo ukanda hushonwa kwa uzi unaopita juu yake katikati ya taa, bila sindano kuitoboa shaba.

Filamu ya Tron: Legacy ya mwaka 2010 ilifuata njia nyingine: suti za waigizaji zilivishwa utando mwembamba unaong'aa wenyewe unapopitishiwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Waya unaong'aa kwa kanuni hiyohiyo hupatikana madukani na hukunjika vizuri kuliko ukanda, lakini mwanga wake ni hafifu, na kigeuzi chake cha umeme hutoa mlio mwembamba usiokoma.

Kwa mtu wa mistari, ambaye lazima aonekane na dereva akiwa mbali, ukanda wa LED unabaki kuwa chaguo bora. Betri hukaa kiunoni, ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na fyuzi ya ampea 2 inayokata umeme endapo nyaya zitagusana, na soketi ya kuchomoa huwekwa kati ya betri na suti ili suti ivuliwe bila kuvuta nyaya. Jaribio la mwisho hufanywa suti ikiwa imevaliwa, mtoto akiinua mikono na kuchuchumaa, kwa sababu suti iliyotandazwa mezani huwaka vizuri hata ikiwa waya wa gotini ni mfupi.