Jicho la Kulinganisha

Kuna ufundi usio na karakana wala cheti, na wanaoufanya hawadai malipo. Ni ufundi wa kuchukua nakala mbili za filamu moja, kusimamisha picha ile ile katika zote mbili, na kutamka kwa haki ni ipi iliyo karibu zaidi na kile ambacho kamera iliona. Filamu za zamani husafishwa na kutolewa upya kila mwaka, na kila toleo hujinadi kuwa bora kuliko lililotangulia. Anayeweza kulipima dai hilo kwa macho yake mwenyewe anastahili heshima kuliko tunavyompa.

Sisi wa Naitiri, hapa Kenya, na vituo jirani, kutoka Tongaren hadi Kitale mjini, uhaba ndio uliotufunza. Zama za vibanda vya video, runinga moja, deki moja na jenereta vilitosha kuwaleta watu pamoja kumtazama Schwarzenegger au Bruce Lee. Mkanda wa VHS hubeba mistari 240 hivi ya mwanga, na rangi huibeba kwa ufinyu zaidi ya hapo; ndiyo maana shati jekundu lilivuja wekundu wake mpaka ukutani. Mkanda ukinakiliwa, na nakala nayo ikanakiliwa, hasara iliongezeka kila hatua. Zikaja VCD, picha yake nukta 352 kwa 288: uvujaji ulipungua, lakini moshi na vumbi vikakatika vipande vya mraba. Zikafuata DVD, kisha flashi diski, na juu ya picha sauti ya DJ Afro akitusimulia kisa kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo swali la mlangoni halikubadilika: kopi ni klia?

Hilo ni swali zito kuliko linavyosikika. Picha inaweza kung'aa na bado ikawa imepotoka. Mlinganishaji anayejua kazi yake huanza na runinga yenyewe, kwa sababu nyingi hutoka dukani zikiwa zimekolezwa rangi, zimenolewa kingo na kulainishwa mwendo ili zimvute mpita njia. Hayo yote huyazima kwanza. Kisha hutafuta sekunde ile ile katika nakala zote mbili, maana kuhukumu nakala moja kwa picha ya jua kali na nyingine kwa picha ya magharibi ni dhuluma.

Hapo ndipo macho yanapoanza kazi. Kwanza upana: filamu nyingi zilizopigwa kwa umbo pana zilikatwa pembeni ili zijaze runinga za zamani, na watu wawili waliokuwa wakitazamana akabaki mmoja akizungumza na hewa. Pili kingo: mti mweusi mbele ya mbingu ukizungukwa na mstari mweupe, ujue kuna aliyenoa picha kupita kiasi, kwani mstari huo haukuwepo siku ya kupiga. Tatu weusi: je, mikunjo ya koti jeusi inaonekana, au limekuwa doa tupu? Mwisho ngozi, na hapa ndipo penye mzozo mkubwa kuliko yote.

Filamu haijaundwa kwa nukta zilizopangwa safu safu. Imeundwa kwa chembe ndogo zilizotawanyika, na picha nzima imo ndani ya chembe hizo. Mwanga ukiwa haba, mpiga picha hutumia filamu inayoudaka upesi, na chembe zake huonekana zaidi. Mtazamaji aliyezoea picha za simu akiziona hudhani ni uchafu wa kufutwa. Kompyuta nayo haiwezi kujua mpaka kati ya chembe na kinyweleo. Ikiamriwa kufuta moja, hufuta na kingine.

Mfano ulio wazi ni Predator ya John McTiernan, ya mwaka 1987, filamu ambayo vibanda vyetu havikuwahi kuichoka. Ilipigwa katika misitu ya Mexico, chini ya majani mazito, na chembe zake ni nyingi. Diski ya Blu-ray ya kwanza, ya 2008, ilizionyesha jinsi zilivyo, na wengi wakalalamika. Mwaka 2010 likatoka toleo jingine lililosafishwa, angavu, lisilo na chembe hata moja. Sasa simamisha pale Mac, anayeigizwa na Bill Duke, anapojinyoa kikavu msituni huku jasho likimlowesha uso. Katika nakala ya 2008 picha inatetemeka kwa chembe, lakini ngozi ni ngozi: vinyweleo vipo, na jasho limekaa juu ya shavu jeusi likibeba mwanga wa msitu. Katika ile ya 2010 shavu limekuwa laini kama nta. Jasho limebaki mng'ao tu, na uchovu wa mtu yule umeondoka pamoja na mistari ya uso wake. Walioziweka nakala hizo kando kwa kando ndio waliopiga kelele, na toleo la 4K la 2018 likatoka na chembe zake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: nakala ya 2010 ilijitembeza kwa mwangaza, na waliokuwa na subira ya kutazama mara mbili ndio walioitambua.

Nisieleweke kwamba kila usafishaji ni uharibifu. The African Queen ya John Huston, ya 1951, inathibitisha kinyume chake. Kisa chake kimewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na sehemu kubwa ilipigwa Kongo na Uganda, kwenye Ziwa Albert na karibu na Maporomoko ya Murchison. Jack Cardiff aliipiga kwa kamera nzito ya Technicolor, ambayo ilipitisha mikanda mitatu ya negativu kwa wakati mmoja, kila mmoja ukinasa sehemu yake ya rangi. Miaka ikipita, mikanda ya namna hiyo husinyaa, na haisinyai sawasawa. Ikiunganishwa tena kwa njia za zamani, wekundu hukaa kando kidogo ya kijani, na kila ukingo hupata kivuli cha rangi.

Kwa toleo la 2010, mikanda hiyo mitatu iliskaniwa kwa 4K na kulinganishwa kwa kompyuta mpaka rangi zikakaana. Nakala za kanda zilionyesha mto wa rangi ya chai na watu wawili waliofifia ndani ya mashua. Toleo hilo linaonyesha kutu ya bomba la mashua, ndevu za Humphrey Bogart na kitambaa cheupe cha gauni la Katharine Hepburn kikichafuka safari ikiendelea. Linaonyesha pia mahali waigizaji walipopigwa studio Uingereza na kubandikwa juu ya picha ya mto. Mshono huo umeachwa, na ni vyema ulivyoachwa, kwa sababu ndivyo filamu ilivyotengenezwa.

Rangi ya maji yale inanihusu. Mto Nzoia unaopita upande wetu huu wa Tongaren huingia Ziwa Victoria. Maji ya ziwa hutokea Jinja yakaitwa Nile, na Nile ndiyo inayoporomoka Murchison. Mkazi wa kwetu hahitaji kuambiwa mto wa nchi hii unafananaje mvua zikiwa zimenyesha. Akiona kahawia ile kwenye skrini, anaweza kusema kama ni tope la kweli au ni mkono wa fundi aliyezidisha manjano. Hilo mashine haimfundishi mtu.

Hapo ndipo ninapouona umuhimu wa ufundi huu kwetu. Kenya ina filamu zake za kulindwa: Kolormask ya Sao Gamba ya 1986, Saikati ya Anne Mungai ya 1992, na nyingine zilizopigwa kwa filamu kabla ya zama za dijitali. Filamu ya namna hiyo ikifika mbele ya mashine ya kuskani, atahitajika mtu wa kuamua ngozi ya mwigizaji iwe nyeusi kiasi gani, udongo uwe mwekundu kiasi gani, na anga la saa kumi jioni libaki na buluu gani. Maamuzi hayo yakifanywa na asiyewahi kukanyaga hapa, tutapewa nchi nzuri isiyo yetu.

Kwa hiyo kijana anayekaa Naitiri akibishana na mwenzake kuhusu nakala mbili za filamu ya zamani, rimoti mkononi, hapotezi muda. Apewe nakala bora, aoneshwe negativu ni kitu gani, afundishwe chembe zinatoka wapi. Macho anayo tayari, na ardhi itakayopimwa rangi anaikanyaga kila siku.