Mpagazi Yuko Wapi?

Shuleni tulizoeshwa kuhakiki kitabu kwa fani na maudhui. Leo naomba tutoke nje kidogo, tuhakiki sanamu iliyosimama juani. Nayo ni hadithi: ina mandhari, ina mhusika mkuu, na ina wale waliowekwa pembeni.

Nazungumzia Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, pale ilipokuwapo sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Kifani sina ugomvi nayo hata kidogo. Askari ameinama mbele, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Ukimtazama ubavuni utadhani sasa hivi anashuka achanganyike na watu wa Posta.

Ugomvi wangu uko kwenye maudhui. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Haya, nani kapewa nafasi ya juu? Mwenye bunduki, peke yake. Mpagazi kabaki chini, kwenye msingi. Nairobi, mchongaji huyohuyo alisimamisha watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo hakushindwa kumchonga, bwana.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa jambo hili linatuhusu. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana vibaya sana Mahiwa, pale basi letu linapopita likienda Lindi. Risasi, unga na majeruhi vilibebwa na Waafrika, pande zote mbili. Katika vita ile wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Unapita pale, unanunua embe dirishani, unaendelea na safari.

Sasa linganisha na kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa Ujamaa, ambao chanzo chake kinahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Gogo moja la mpingo, mti unaoota misituni mwetu, na watu wamepandana: wa chini kawabeba wa juu. Hapo mbebaji huwezi kumficha. Ukimtoa, nguzo nzima inaanguka. Kwa macho yangu, huyu fundi wa Kimakonde alikielewa kisa cha vita ile kuliko Stevenson, ingawa hakuwa anachonga vita.

Wapo wanaosema Askari ang'olewe, ni wa mkoloni. Mimi nasema abaki, lakini aongezewe wenzake. Tena wasiwekwe mjini tu. Natamani bustani ya sanamu kule Mahiwa, wapagazi wamesimama kwa mstari kwenye nyasi, mizigo kichwani, ukubwa wa mtu kamili, abiria wawaone kupitia dirishani.

Hadi hapo, kazi ni yetu sisi tunaoandika. Miswada mingi ya chipukizi ninayoisoma, hata wangu wa kusini, inaanza na mtu mwenye silaha. Mtaa ule una jina la Samora, ambaye wapiganaji wake wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea. Nao kuna waliowalimia na kuwapikia. Nani ataandika riwaya ya hao? Mwenye maoni tofauti na aandike, kurasa ni zetu sote.