“Hofu ni Juu Yenu”: Barua ya Nyumbani na Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Miongoni mwa mazoezi ya insha ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeyarithi bila kuyahoji, hakuna linalosahihishwa kwa haraka kama barua ya nyumbani. Twatazama anwani kama imekaa mahali pake, twatazama tarehe, twatazama kama mwanafunzi ametia jina lake mwishoni. Kisha kalamu nyekundu hushuka juu ya maneno yale yale ya kila mwaka: “Mimi huku sijambo, hofu ni juu yenu nyumbani.” Pembeni twaandika kwamba maneno haya yamechakaa, na wakali miongoni mwetu hukata alama. Katika makala haya twadai kwamba maneno tunayoyafuta ndiyo yenye fasihi. Mwanafunzi aliyeyasikia kwa babu yake ameyapokea kutoka katika utanzu wenye kanuni zake, na kanuni hizo zilitungwa na watu waliokuwa mbali na kwao kwa sababu ya kazi.

Yafaa tuanzie mahali ambapo utanzu huu ulipata wingi wa watungaji. Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893, na baadaye mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro yakahitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani. Watu wakatolewa mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wamakonde na Wamakua wa Msumbiji, na Warundi waliovuka mpaka. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa manamba. Neno limeingia katika kamusi zetu, na nchini Burundi “kwenda Manamba” kulipata kuwa na maana ya kwenda Tanganyika kutafuta fedha. Kazi ilihesabiwa katika kipande cha siku 30, na siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Mwezi wa manamba, kwa hiyo, haukuwa mwezi wa kalenda, wala mke aliyebaki nyumbani hakuweza kuhesabu kwa vidole siku ambayo fedha zingefika.

Wengi wao hawakujua kuandika. Barua ya manamba ilipita katika mikono minne. Mwenye maneno alisema. Mwenzake aliyepata kusoma, au mwandishi wa kulipwa, akaandika. Msafiri au posta ikachukua. Na huko mwisho wa safari mtoto wa shule akasoma mbele ya wazee, majirani na kuku. Tena mara nyingi mtoto huyo hakusoma tu. Barua iliandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyofunzwa shuleni Tanganyika na ndiyo iliyowaunganisha watu kambini, ilhali mama aliyeandikiwa alijua Kiha peke yake. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ndiye mfasiri wa baba yake.

Mhakiki asiyelitia jambo hili akilini hataielewa barua hii hata kidogo. Ataiona kavu. Atauliza kwa nini mume aliyeondoka miaka miwili hasemi neno moja la mapenzi kwa mkewe. Lakini angelisemaje, na neno lenyewe lingetoka kinywani mwa mwanawe, mbele ya baba mkwe? Barua ya manamba haikuwa maandishi ya siri, ilikuwa hotuba; na kama ilivyo kwa hotuba za wazee wetu, lililo zito hupitishwa pembeni. Hebu tutunge mfano. Mtu awasalimu baba, mama, mama mkubwa na baba wadogo wote kwa majina, kisha aandike: “Na yule mbuzi mweupe niliyemwacha, je, amezaa? Anayemchunga asichoke, mvua zikiisha nitakuja.” Wote waliokaa uani wanajua ni nani amchungaye mbuzi mweupe. Naye anajua kwamba wanajua. Huo ni ushairi, wala hatuoni haya kuuita hivyo.

Turudi sasa kwenye sentensi yetu iliyofutwa. Sehemu yake ya kwanza, “mimi huku sijambo,” mara nyingi haikuwa kweli: mwenye kuisema aliweza kuwa na homa, au mkono uliochomwa na mwiba wa mkonge. Sehemu ya pili ndiyo ya ajabu. Aliye hatarini ni yeye, lakini hofu anawapa wao. Tena tazama sarufi: hasemi “nawahofia.” Hofu inasimama peke yake kama kitu, imewekwa juu yao kama mtu amfunikavyo mtoto nguo. Na kwa kuwa imewekwa juu yao, wao ndio wenye wajibu wa kuiondoa, yaani kujibu. Kwa maneno manne barua imekuwa salamu, uwongo wa heshima, na dai la majibu. Mwalimu anayeandika “maneno yaliyochakaa” pembeni ya sentensi hiyo na aoneshe yeye anayeweza kusema zaidi kwa maneno machache kuliko hayo.

Baada ya salamu huja fedha, na hapa barua huwa ramani ya ukoo. “Katika shilingi hizi kumi na tano, mama achukue tano, baba mdogo tatu za deni, zinazobaki za chumvi na nguo ya mtoto.” Mgao wa namna hii umefanya na kuvunja jamaa nyingi kuliko hotuba yoyote. Aliyetajwa wa kwanza, aliyesahauliwa, aliyepewa mbele ya watu na aliyetengewa kwa mafumbo: yote yalisikika, yote yalikumbukwa. Huko Katanga mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa maana Union Minière, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipendelea mchimbaji akae na mkewe na wanawe kambini. Twadhani barua za huko zilielekea zaidi kwa wazazi na wakwe. Lakini hilo lingehitaji makala yake.

Wapo watakaotuambia kwamba tunao mfano bora wa barua ya mtu aliye kazini mbali, nao ni wa Shaaban Robert. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958 zilichapishwa na TUKI mwaka 2002. Wasomaji wengi wamezitafuta kwa ajili ya habari za vitabu vyake. Sisi twapenda zisomwe pia kama barua za karani wa serikali ambaye kazi yake ilimpeleka Pangani katika forodha, kisha Mpwapwa katika idara ya mifugo, kabla ya kumrudisha Tanga. Hata hivyo hatukubali zifanywe mizani ya kupimia barua ya manamba. Hapo ndugu wawili wasomi wanaandikiana pasipo mtoto wa kusoma katikati, wala baraza la kusikiliza. Kinachosemwa waziwazi na mtu mwenye faragha hakimzidi ubora, kwa hilo peke yake, aliyelazimika kusema kwa mbuzi.

Tutathubutu kwenda mbele zaidi. Katika Maisha Yangu mna tenzi mbili ambazo shule zetu zimezipenda sana, Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Zina nasaba tukufu, maana Mwana Kupona naye alimwachia bintiye utenzi wa namna hiyo mwaka 1858. Lakini wosia humwambia mtoto awe nani. Haumwambii mzazi ameamkaje leo. Hauna chumvi wala deni la baba mdogo. Twaziheshimu tenzi hizo na tutaendelea kuzifundisha. Ila mwanafunzi aliyelelewa na bibi yake, kwa sababu wazazi wako kazini mbali, anajua pia kiu nyingine, kiu ya habari ndogo ndogo, na kiu hiyo wosia hauikati.

Upande mmoja wa mazungumzo haya umetupotea karibu wote: majibu kutoka nyumbani. Ndiyo sababu twawashauri walimu wa madarasa ya juu wasome Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka mwaka 1979. Ramatoulaye, ambaye ni mwalimu kama sisi, amebaki Dakar na watoto wengi na msiba. Anamwandikia rafikiye Aissatou anayefanya kazi katika ubalozi wao Marekani. Hapa aliyebaki ndiye mwenye kalamu. Kwa mara moja twasikia kwamba kubaki nako ni kazi, tena kazi isiyo na kipande.

Husemwa sasa kwamba barua imekufa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na nyingine za namna yake zikafuata katika nchi zetu, fedha hufika kabla ya salamu, na mara nyingine pasipo salamu. Sauti nayo hufika kwa simu, kwa lugha ya mama mwenyewe, hata mtoto mfasiri amestaafishwa. Hilo ni jema, na anayelililia hakuwahi kumsubiri mtoto atoke shule ndipo ajue kama mwanawe yu hai.

Lakini kanuni haikufa. Leo wengi wanaoondoka ni wanawake, kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi, kwenda kutumika katika nyumba za watu Ghuba. Anayesubiri ni bibi pamoja na wajukuu. Na baadhi yao simu hushikwa na mwajiri, au hupewa ruhusa ya kuzungumza sebuleni, mbele ya watu. Basi barua imerudi kuwa hotuba. Mama anasema, “Mimi huku sijambo, hofu ni juu yenu,” akisikilizwa na mtu anayeweza kumnyang’anya simu, na aliye nyumbani hana budi kujua kuisoma sentensi hiyo: imesemwa haraka au polepole, watoto wametajwa wote au mmoja amerukwa, mbuzi ameulizwa au hakuulizwa.

Zoezi tunalopendekeza kwa kidato cha pili ni hili. Mwalimu aandike ubaoni barua mbili fupi za mama mmoja aliyeko kazini Muscat, moja ya mwezi wa kwanza, nyingine ya mwezi wa sita, zenye salamu zile zile neno kwa neno. Katika ya pili aondoe swali moja tu, lile lililouliza mtoto mdogo ameanza kutembea au la. Kisha awaulize wanafunzi nini kimebadilika kwa mama huyu, awaache wabishane hadi kengele, na kalamu nyekundu ibaki mfukoni.