Majina Ambayo Mathayo Hakuyaruka

Wengi wetu tukifungua sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo huharakisha. Ni majina tu, twasema, na macho yanakimbilia habari za kuzaliwa kwa Yesu. Lakini orodha ile ni kazi ya mwandishi aliyechagua, na uchaguzi wake ni mahubiri.

Mathayo amevipanga vizazi katika mafungu 3 ya 14: toka Ibrahimu hadi Daudi, toka Daudi hadi uhamisho wa Babeli, na toka uhamisho hadi Kristo. Mpango huo haukukosa kuacha watu. Tukiulinganisha na Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 3, twaona kwamba kati ya Yoramu na Uzia wamerukwa wafalme 3: Ahazia, Yoashi na Amazia.

Sasa tuwatazame ambao hakuwaruka. Tamari, aliyezaa na mkwewe Yuda. Rahabu, kahaba wa Yeriko. Ruthu, mgeni kutoka Moabu. Tena yuko mama yake Sulemani, anayetajwa kwa jina la Uria, mumewe aliyeuawa kwa hila ya Daudi. Hivyo dhambi ya mfalme imebaki wazi katikati ya ukoo wa kifalme. Nasaba zilihesabiwa kwa baba, na kama Mathayo angewaacha wanawake hawa, nani angemuuliza?

Hapo ndipo orodha hii inapotuhukumu. Sisi wa ukoo mmoja tulipoketi kuandika nasaba yetu, tulianza na wazee wenye heshima. Tulipomfikia bibi mmoja aliyezalia nyumbani kabla ya kuolewa, mzee akasema, "Huyo mwacheni." Tukamwacha. Miaka ilipopita tukalirudisha jina lake, tukaulizia habari za yule mtoto, na kumbe ana watoto na wajukuu: damu yetu, watu tuliokuwa tukikutana nao misibani bila kujua twaitanaje. Kwa kuficha jina moja tulikuwa tumeifungia mlango nyumba nzima.

Luka, katika sura ya 3, anapita njia nyingine na kurudi nyuma hadi Adamu, na majina yake mengi si yale ya Mathayo. Wataalamu wajadiliane. Ila kwa wote wawili nasaba si daftari la kujisifia. Basi tunapoandika koo zetu, tuulize kwanza: ni nani tuliyeambiwa tumwache?